Biashara ya Usafi na Msimu wa Krismasi Kilimanjaro: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wenye biashara ndogo za usafi katika mkoa wa Kilimanjaro, hasa wale wenye timu moja hadi tatu, ambao kila mwaka huingia Desemba wakiwa na kazi nyingi kuliko mikono. Aliye katika mji mwingine atayaona mengi yanamfaa, ingawa hali ya Moshi ina mambo yake.

Kwa nini Desemba ya Kilimanjaro ni tofauti na Desemba ya Dar es Salaam?

Kwa sababu Dar es Salaam watu wanaondoka, na huku wanafika. Familia nyingi za Kichaga zilizotawanyika nchi nzima hurudi nyumbani Krismasi, safari ambayo wengine huiita kwa utani kwenda kuhesabiwa, na nyumba zilizojengwa kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vya Rombo, Marangu, Kibosho na Machame, ambazo nyingine hazikufunguliwa tangu Januari, zinatakiwa ziwe tayari kupokea watu 10 au 20 kwa pamoja. Mteja wa Dar es Salaam anaweza kuvumilia makochi yake yakichelewa siku mbili, kwa kuwa hata hivyo hayupo. Mteja wa Marangu yuko ndani ya basi pamoja na watoto na ndugu zake, na atakapofungua mlango saa 3 usiku hatakuwa na mahali pengine pa kuwalaza. Ukilielewa jambo hilo utaona kwamba anachokulipa mteja huyu ni usafi uliokamilika kabla ya tarehe fulani, na kwamba tarehe hiyo ina uzito sawa na usafi wenyewe.

Maandalizi yaanze lini?

Mwanzoni mwa Oktoba. Wiki mbili za kwanza zitumike kupigia simu wateja wa mwaka uliopita, mmoja mmoja, na kuwauliza swali moja tu: mnafika tarehe ngapi? Wengi watasema bado hawajapanga, lakini watakukumbuka watakapopanga, na wachache watakupa tarehe papo hapo, nao ndio msingi wa kalenda yako. Wiki mbili zinazofuata ni za vifaa. Mashine ya kufyonza vumbi, mashine ya presha na feni za kukaushia zipelekwe kwa fundi zikiwa bado zinafanya kazi, kwa maana fundi wa Oktoba ana nafasi na vipuri vya Oktoba vinapatikana. Sabuni, dawa, glovu, barakoa, brashi na vitambaa vinunuliwe kabla ya katikati ya Novemba. Mwisho wa Novemba usiwe na kitu cha kununua isipokuwa mafuta ya gari.

Nitajuaje idadi ya kazi ninazoweza kupokea?

Hesabu siku, kisha hesabu timu. Kati ya tarehe 1 na tarehe 23 Desemba, ukiondoa Jumapili na Siku ya Uhuru ya tarehe 9, utabaki na siku 18 au 19 za kazi. Ondoa nyingine mbili au tatu kwa ajili ya mvua, gari kuharibika na mfanyakazi kuugua, ubaki na 16. Nyumba ya vyumba vinne iliyofungwa mwaka mzima huchukua timu ya watu watatu siku nzima, hivyo timu mbili zinaweza kukamilisha nyumba 32, na hiyo ndiyo idadi yako. Mteja wa 33 aambiwe kwa heshima kwamba nafasi zimejaa, na ikiwezekana aelekezwe kwa mwenzako unayemwamini. Najua kukataa fedha Desemba ni kuchungu. Hata hivyo, nyumba ya 33 haifanywi kwa muda wake yenyewe, bali kwa muda ulioibwa kutoka nyumba ya 31 na ya 32, na wenyewe wataona.

Hesabu hiyo ni ya nyumba peke yake. Kwa mazulia, makochi na magodoro kuna hesabu nyingine kabisa.

Nikadirie vipi kazi ya mazulia na makochi wakati wa mvua za vuli?

Kadiria kwa kukauka, usikadirie kwa kufua. Hili ndilo kosa ambalo biashara nyingi za usafi hulifanya kila msimu, nasi tumewahi kulifanya. Timu yenye bidii inaweza kufua mazulia 15 kwa siku, lakini kama sehemu yako ya kuanikia inatosha mazulia 6, na kila zulia linahitaji siku mbili katika hali ya mawingu, uwezo wako halisi ni mazulia matatu kwa siku, hata ukiajiri vijana 10 zaidi.

Mwaka wetu wa pili wa biashara tulirudisha zulia la sebuleni la mama mmoja wa Kibosho jioni ya tarehe 23. Juu lilikuwa kavu kabisa, laini na lenye harufu nzuri ya sabuni. Chini, kwenye mgongo wake wa nyuzi nene, lilikuwa na unyevu ambao mkono haukuuhisi. Lilitandikwa, makochi yakapangwa juu yake, madirisha yakafungwa kwa sababu ya baridi ya mlimani, na asubuhi ya Krismasi sebule ilinuka kama nguo zilizosahaulika ndani ya beseni. Mama yule alilazimika kulikunja zulia mbele ya wageni wake na kulitoa uani. Tulilifuata tarehe 27, tukalifua upya na kumrudishia fedha zote. Mwaka uliofuata hakutuita, na alikuwa na haki.

Tangu hapo tuna utaratibu ambao hauvunjwi. Zulia likishakauka kwa macho, tunakunja kona mbili zilizo mkabala, tunaweka karatasi laini upande wa chini na kuibana kwa kiganja kwa dakika moja nzima. Ikitoka na ubaridi au ikiwa imelainika, zulia linarudi kwenye kamba. Zulia au godoro lisiachwe na unyevu zaidi ya siku mbili, kwa kuwa ukungu huanza ndani ya saa 24 hadi 48, na harufu yake ikishaingia kwenye nyuzi ni kazi kubwa kuiondoa. Ni heri kukamua vizuri kwa mashine kuliko kutegemea jua lisilo na uhakika. Banda la mabati lililo wazi pembeni, lenye kamba ngumu au mirunda imara na feni mbili upande mmoja, ni bora kuliko uwanja mpana wenye jua, maana ukiona mawingu yanashuka kutoka mlimani hutakuwa na mbio za kuanua.

Mazulia ya nyumba za juu, kama Marangu au Machame, yashushwe Moshi mjini ambako kuna joto zaidi. Gharama ya kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, kwenda na kurudi iingizwe kwenye bei tangu mwanzo. Pia weka tarehe ya mwisho ya kupokea mazulia na uitangaze mapema. Sisi hufunga tarehe 16, na baada ya hapo hatupokei hata la jirani.

Nyumba iliyofungwa mwaka mzima ifunguliwe na kusafishwa kwa utaratibu gani?

Anza kwa kufungua milango na madirisha yote, kisha timu ikae nje angalau nusu saa. Ndani kunaweza kuwa na vinyesi vya panya, na kwenye dari kuna uwezekano mkubwa wa popo. Vumbi la vinyesi hivyo linaweza kubeba vimelea vinavyoshambulia mapafu. Kwa sababu hiyo ufagio mkavu usiguse vinyesi hata kidogo, wala mashine ya kufyonza vumbi isipitishwe juu yake. Wafanyakazi wavae glovu na barakoa, vinyesi vilowanishwe kwa maji yenye jiki, sehemu moja ya jiki kwa sehemu tisa za maji, viachwe dakika tano, ndipo vikusanywe kwa kitambaa au karatasi na kufungwa kwenye mfuko. Maji hayo ya jiki yachanganywe upya kila siku, tena kwa maji ya baridi, kwa kuwa ya jana yameshapoteza nguvu. Popo wakiwa wengi darini, mwambie mwenye nyumba aite watu wa kazi hiyo; usipandishe kijana darini na tochi mdomoni. Chunguza pia nyigu kwenye pembe za baraza kabla ya kuegemeza ngazi.

Baada ya hapo kazi iende kutoka juu kwenda chini na kutoka chumba cha mwisho kuelekea mlangoni: dari na utando wa buibui, taa, juu ya makabati, nyavu za madirisha, vioo, kuta, na sakafu mwisho. Nyavu za madirisha ndizo zinazosahaulika zaidi, na ndizo zinazorudisha vumbi lote juu ya mashuka safi upepo unapovuma jioni.

Nyumba ikishapata hewa, na kabla ya kuanza kusafisha, fungua kila bomba na kila valvu, vuta maji ya kila choo, washa kila swichi. Bomba lililokwama au choo kinachovuja kikigunduliwa tarehe 8, fundi ataitwa. Kikigunduliwa tarehe 24, fundi naye yuko kwao. Uliza shimo la maji taka lilinyonywa lini, kwa sababu nyumba iliyokuwa na mlinzi mmoja inakwenda kupokea watu 20, na gari la kunyonya maji taka wiki ya Krismasi halipatikani kirahisi. Tangi la maji nalo lisafishwe: litolewe maji yote, lisuguliwe, lisuuzwe kwa maji yenye jiki, kisha lisuuzwe tena kwa maji safi. Tangi kubwa lisiingiwe na mtu peke yake, lazima mwenzake awe nje akimwona.

Ni dawa gani zisichanganywe?

Jiki isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu hutoa gesi ya klorini ambayo katika choo kidogo kisicho na dirisha inaweza kumwangusha mtu. Isichanganywe pia na dawa ya vioo yenye amonia. Msimu ndio wakati wa hatari zaidi: watu wanaharakishwa, chupa zimehamishiwa kwenye madumu yasiyo na maandishi, na kibarua wa siku tatu anadhani dawa mbili zinasafisha kuliko moja. Kila dumu liandikwe jina kwa kalamu isiyofutika, na ndoo ya jiki iwe na rangi yake peke yake.

Asidi pia huharibu terazo, mawe ya marumaru halisi na saruji iliyo kati ya vigae. Sakafu nyekundu za saruji zilizopo kwenye nyumba za zamani za mlimani zinataka maji kidogo, sabuni isiyo kali na nta ya sakafu, basi.

Je, ni haki kupandisha bei Desemba?

Ni haki ikiwa mteja ameambiwa kabla. Gharama zako zinapanda kweli, kuanzia malipo ya muda wa ziada hadi usafiri, na huna sababu ya kuzibeba peke yako. Ninachokipinga ni bei inayobadilika getini, baada ya mteja kukosa njia nyingine. Tangaza bei za msimu kufikia tarehe 1 Novemba, wape wateja wa zamani bei ya kawaida iwapo watathibitisha kabla ya tarehe 15 Novemba, na wiki ya tarehe 18 hadi 23 iwe na bei yake ya juu inayofahamika na wote.

Usitaje bei ya nyumba kwa maneno ya simu. Neno nyumba ya kawaida limewagharimu watu wengi. Omba video fupi ya kila chumba kwa WhatsApp kutoka kwa ndugu au mlinzi aliye karibu, au nenda mwenyewe.

Nidai malipo ya awali kiasi gani, na mteja akighairi je?

Nusu ya bei ni kiwango ambacho wateja wengi wanakikubali, kilipwe kwa lipa namba ya biashara, tena risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, itolewe. Nafasi isiyolipiwa isiandikwe kwenye kalenda kwa wino. Anayeghairi siku saba kabla arudishiwe fedha yake yote. Anayeghairi baada ya hapo apoteze sehemu mliyokubaliana kwa maandishi, hata kama maandishi hayo ni ujumbe wa simu. Kwa aliyefiwa rudisha yote bila kuhesabu siku.

Sheria inasemaje kuhusu muda wa ziada na kazi za sikukuu?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, kwa siku zisizozidi 6. Kazi ya ziada inahitaji makubaliano, isizidi saa 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Siku ya mapumziko ya kitaifa hulipwa mara mbili. Kwa mfano, mfanyakazi ambaye saa yake ni shilingi 1,500 atalipwa shilingi 2,250 kwa saa ya ziada na shilingi 3,000 kwa kila saa ya tarehe 9, 25 au 26 Desemba. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Mfanyakazi anastahili pia mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja na nyingine, jambo ambalo wengi wetu hulisahau timu inaporudi saa 4 usiku na kutakiwa kuwa kazini saa 12 asubuhi.

Fanya hesabu hizi kabla ya kupanga bei. Wapo wanaozifanya Januari, wakati fedha zimeshatumika, na anayeumia ni mfanyakazi.

Nichukue vibarua wa msimu wa namna gani?

Chukua wachache, mapema, na uwafundishe katika kazi ndogo za Novemba kabla hujawapeleka kwa mteja mkubwa. Kibarua mpya asipewe timu ya wapya wenzake. Awe mmoja kati ya watatu. Shule zikiwa zimefungwa, vijana wengi watakuja kuomba kazi, na baadhi wataletwa na wazazi wao. Aliye chini ya miaka 18 asipewe kazi ya hatari, na dawa kali na ngazi ndefu ni hatari. Andika makubaliano ya kila mmoja: siku, malipo, saa na nani anabeba nauli. Wafanyakazi wako, wakiwemo wa muda, wawe wameandikishwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa sababu mtu akianguka dirishani tarehe 20 hutakuwa na fedha ya kumtibu na kumlipa kwa pamoja.

Wafanyakazi wangu nao wanataka kwenda kwao Krismasi. Nifanyeje?

Waruhusu, na upange kazi kwa kulijua hilo. Ratiba ya mapumziko ikubalike mwezi Oktoba, kila mtu akiwepo, ili asiwepo wa kuaga kwa ujumbe mfupi tarehe 22. Sisi tuna wafanyakazi Wakristo na Waislamu, nao wamezoea kupokeana: Waislamu hushika zamu ya tarehe 24 hadi 26 kwa malipo ya sikukuu, na wenzao huishika Idi. Utaratibu huo waliupendekeza wao wenyewe, na ndiyo sababu unadumu. Usiulazimishe.

Zaidi ya hapo, nashauri kazi zote zifungwe tarehe 23 jioni. Tarehe 24 iwe ya kurekebisha tu. Mama aliyesafisha nyumba za watu wiki tatu anastahili kupata siku moja ya kusafisha ya kwake.

Nitunzeje funguo na mali za wateja wasiokuwepo?

Funguo zipokelewe kwa saini, zipewe namba badala ya jina la mteja, na zifungwe ofisini kila jioni. Kila chumba kipigwe picha kabla ya kazi na baada ya kazi, picha zikatumwe kwa mteja siku hiyo hiyo. Ndugu au jirani aliyeachiwa nyumba awepo wakati wa kufungua na wakati wa kufunga. Kitu kikivunjika, mteja aambiwe na wewe kabla hajakiona mwenyewe.

Maji au umeme ukikatika siku ya kazi?

Beba maji yako, angalau madumu kumi kwa kila timu, na panga kazi za mashine asubuhi. Jenereta ndogo ya kukodi kwa wiki mbili za mwisho inalipa. Kwa nyumba za juu, uliza hali ya barabara siku moja kabla, maana njia ya udongo mwekundu baada ya mvua ya usiku haipandishi gari lenye mzigo.

Mteja akilalamika tarehe 24 jioni?

Nenda. Ndiyo sababu siku hiyo iliachwa wazi, pamoja na dereva mmoja na watu wawili waliokubali zamu. Chukua mopu, vitambaa, sabuni na feni, sikiliza kwanza, na fanya kilichosahaulika bila kujadili malipo. Kama lalamiko si la haki, bado utalijua vizuri zaidi ukiwa umesimama ndani ya chumba kuliko ukiwa kwenye simu.

Baada ya Mwaka Mpya kazi hupungua sana. Niitumieje Januari?

Wateja wengi hufunga nyumba na kuondoka wiki ya kwanza ya Januari, na huo ndio wakati mzuri wa kuwaomba kazi ya mwaka. Wapendekezee mkataba wa kufungua nyumba mara moja kwa mwezi: kupitisha hewa, kuvuta maji ya vyoo, kufuta vumbi, kukagua panya na uvujaji wa paa, kisha kutuma picha. Nenda mwenyewe siku wanapofunga, mkague pamoja vyumba, na umwonyeshe mwenye nyumba kilichokuwepo darini mlipofungua Desemba. Nyumba iliyofunguliwa mara 11 katika mwaka huhitaji nusu siku badala ya siku nzima msimu unaporudi, hivyo nyumba nane za namna hiyo zinaipatia kalenda yako siku nne za timu moja mwezi Desemba, na wafanyakazi wako wanapata mshahara wa Februari.